Vidole Vinne

Juzi nilikuwa naosha tanki la maji kwa klorini, mwanangu akasimama mlangoni kaziba pua. "Mama, unanukia kama siku ile uliyonikataza nisikukumbatie." Alikuwa na miaka 5 tu wakati ule. Sikujua kwamba anakumbuka.

Usiku wenyewe, wa kipindupindu kwenye kituo chetu cha afya, nimeshausimulia nusunusu. Miezi ya joto kali, kisha mvua siku tatu mfululizo. Vyoo vya shimo vikafurika, visima vikapokea yaliyomo. Bakteria wa kipindupindu hustawi maji yakipata joto, na mafuriko humfikisha kila mlango. Chanjo hatukuitegemea. Oktoba 2022 chanjo hiyo ilikuwa haba duniani hata kampeni za dharura zikaanza kutoa dozi moja badala ya mbili, na sisi tulipigwa miezi michache baadaye.

Wagonjwa walianza kuletwa saa mbili usiku. Mengi yamechanganyika kichwani, isipokuwa mtoto mmoja wa kiume.

Mama yake alikuja naye mgongoni, maji yakimfika kiunoni. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia. Analia na machozi hayatoki. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Umeme ulikuwa umekatika. Mwenzangu akaibana simu kwa meno itumulikie, mikono yake yote miwili ikiutuliza mkono wa mtoto. Nikachoma, mshipa ukakimbia. Nikachoma tena, ukakimbia. Mama hakusema neno. Alikuwa anavishikashika vidole vya miguu vya mwanawe, kimoja baada ya kingine, akimaliza anaanza upya. Mara ya tatu damu ikachungulia kwenye kanula. Nilimkadiria kilo 20: mililita 600 ndani ya nusu saa, kisha 1,400 kwa saa mbili na nusu. Yaani chupa nne za Ringa, dripu ya maji na chumvi, kwa mtoto mmoja, na ukumbi mzima wamelala wanasubiri.

Chupa ya pili ilipokaribia nusu, akaomba maji. Tukaanza kumnywesha ORS, maji ya chumvi na sukari, kwa kijiko. Alipona, na karibu wote waliofika wakiwa hai walipona. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua nusu ya wagonjwa; kikiwahiwa, hakiui hata mmoja kati ya mia.

Lakini kuwahi kwa kutumia nini? Maji yalikuwa yameingia stoo. Maboksi ya chini yote yaliloa na kuelea kwenye tope. Ringa tulizotumia zilikuwa juu, kwenye ubao ambao mzee wa stoo aliupigilia mwenyewe kwa mbao za vitanda vibovu. Alikuwa ameomba rafu tangu mafuriko ya nyuma yake, barua baada ya barua, hakujibiwa. Mvua zilipokaribia akapandisha maboksi peke yake, mzee yule mwenye mgongo mbovu. Kwenye ripoti tuliandika kwamba kituo kilihimili. Jina lake halimo, na ripoti niliiandika mimi.

Amestaafu sasa. Ubao wake bado upo. Siku maji yalipokauka niliingia stoo nikapima kwa mkono: kutoka alama ya tope ukutani mpaka pale zilipokaa Ringa ni vidole vinne.

Mwanangu aliniuliza kama maji yale yatarudi. Nilimwambia yatarudi. Hakuuliza yatafika wapi.