Kutandika laminati mwenyewe bila kutupa hela

Kwa chumba cha kulala au sebule ya kawaida, laminati (mbao za kiwandani za kutandika sakafuni) ya milimita 8 ya daraja la AC3 inatosha kabisa. Dukani watakusogeza kwenye ya milimita 12 kwa hoja kwamba haikwaruziki. Si kweli. Kinachozuia mikwaruzo ni tabaka la juu, na hizo AC3 na AC4 ndiyo vipimo vyake. Unene hupunguza mlio wa nyayo na husamehe sakafu isiyonyooka sana, basi. Tofauti ya bei uliyookoa ipeleke chini ya ubao, kwa sababu laminati nyingi zinazokufa mapema zinafia huko huko chini.

Ujue pia unanunua nini. Katikati ni unga wa mbao ulioshindiliwa, yaani HDF. Juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao, na juu ya picha kuna utomvu mgumu unaong'aa. Unakanyaga picha, kwa ufupi. HDF ikinywa maji inavimba, na ikishavimba hairudi hata ukiianika wiki nzima. Kwa hiyo bafuni na jikoni isahau. Huko weka vigae.

Anza na unyevu. Kwa nyumba ya chini, hasa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, chungulia kwanza miguu ya kuta. Rangi ikiwa inabanduka sentimita chache juu ya sakafu na ukiparuza unapata unga mweupe wa chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Huenda jamvi (zege la chini ya sakafu) lilimwagwa bila nailoni au nailoni ilitoboka. Kisha pima sakafu yenyewe. Kata nailoni safi inayopitisha mwanga, sentimita 50 kwa 50, ibandike chini kwa solotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache siku nzima au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, au zege lililofunikwa limekuwa jeusi kuliko la pembeni, bado. Kama zege au niru ni mpya, kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, madirisha yakiwa wazi, na wakati wa masika ongeza. Nyumba ya zamani inayotoa matone usiilazimishe. Nailoni ya mikroni 200 inazuia mvuke, lakini maji yanayopanda kila siku yatatafuta njia pembezoni mwa ukuta.

Vigae vya zamani havina haja ya kuvunjwa. Vigonge kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kinachotoa mlio wa utupu king'oe, ujaze pengo kwa gundi ya vigae hadi lingane na vingine.

Halafu usawa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira. Pata bapa la aluminiamu la mita 2, lile la kupigia lipu, ulilaze sakafuni kila upande, ukilizungusha kama mshale wa saa. Uwazi chini yake ukizidi milimita 3, pana kazi. Pima maji, kile kifaa chenye kiputo, peke yake haikusaidii: sakafu inaweza kuelemea upande mmoja kidogo na laminati isijali, ilimradi haina vilima na mabonde. Niru nyingi zina kilima karibu na mlango, pale fundi alipomalizia akirudi kinyumenyume. Kisage kwa grainda yenye diski ya zege, vaa barakoa, fungua madirisha. Bonde lijaze kwa saruji inayojisawazisha yenyewe, inauzwa kwa mifuko kwenye maduka ya vigae. Usijaze kwa mchanga mkavu, wala usikunje sponji (tandiko jembamba linalokaa chini ya laminati) mara mbili. Ubao ukiwa juu ya shimo unabonyea kila ukikanyagwa, na kile kiulimi chembamba kinachoshika ubao jirani kinachoka mpaka kinakatika. Hapo ndipo sakafu inapoanza kulia na kufunguka.

Kwa sababu hiyohiyo sponji iwe ya milimita 2 au 3 tu. Nene zaidi ni laini mguuni siku ya kwanza na balaa baadaye. Tandika nailoni kwanza, vipande vipandiane sentimita 20, uipandishe ukutani kidogo, ubandike maungio. Sponji inakuja juu yake, ila yenyewe haipandiani: ikutane ukingo kwa ukingo.

Maboksi yalale chumbani saa 48 kabla ya kazi, yakiwa yamefungwa, yamelazwa bapa, ili mbao zizoee hewa ya humo.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, na mbao za milimita 1,215 kwa 195, nane kwenye boksi. Boksi moja ni karibu mita za mraba 1.9. Chumba ni 12, ongeza asilimia 10 ya mabaki unapata 13.2, yaani maboksi 7. Soma boksi lako, vipimo vinatofautiana.

Mbao zifuate ule urefu wa mita 4. Acha nafasi ya milimita 10 kila ukuta, upana uliobaki ni 2,980. Safu 15 nzima zinakula 2,925, inabaki 55. Usimalizie na ukanda wa milimita 55 ukutani. Haushiki vizuri na macho yatauona kila siku. Gawanya: safu ya kwanza 125, ya mwisho 125, katikati safu 14 nzima. Jumla ni 2,980 kamili. Ila pima upana wa chumba sehemu tatu kabla ya kupasua chochote, maana kuta zetu ni nadra kuwa sambamba.

Kwa urefu, 3,980 ni mbao tatu nzima na kipande cha 335. Kinachobaki, karibu 877 baada ya msumeno kula chake, kinaanzisha safu ya pili. Safu hiyo itaishia na kipande cha 673, na baki lake la 539 linaanzisha ya tatu. Baki la safu ya tatu ni kama 200, fupi mno, liweke pembeni. Ya nne anza na ubao mzima. Kwa mpangilio huu maungio ya safu jirani yanapishana kwa zaidi ya sentimita 30, ambacho ndicho kiwango cha kushika. Kuna mtego mmoja: kwenye safu ya kwanza kata urefu kwanza, ndipo upasue upana. Ukianza kupasua, baki lako litakuwa jembamba na halitaweza kuanza safu ya pili.

Mbao nyingi zinatandikwa ulimi ukitazama ukuta na mfereji unaopokea ulimi wa ubao jirani ukikutazama wewe, kwa hiyo safu ya kwanza pasua upande wa ulimi, ya mwisho pasua upande wa mfereji. Chomeka kabari kati ya ubao na ukuta. Vipande vya kigae vyenye unene wa milimita 10 vinafaa. Ubao mpya uinamishe nyuzi 20 hadi 30, sukuma ulimi uingie, laza chini. Usipolala vizuri, usipige. Angalia kama kuna uchafu kwenye mfereji, mara nyingi ni chembe ya vumbi la mbao. Ikilazimu kugonga, weka kipande cha mbao katikati. Nyundo ikigusa ukingo moja kwa moja, umeupoteza ubao.

Ukitumia jigso (msumeno mdogo wa umeme), kata ubao ukiwa umelala kifudifudi, maana meno yake yanavuta kwenda juu na yatabandua uso. Msumeno wa mkono ni kinyume: uso juu, meno madogo.

Mlangoni, fremu ya mbao inakatwa chini. Laza kipande cha laminati juu ya sponji kando ya fremu, kiwe kipimo, pitisha msumeno bapa juu yake, ubao uingie chini ya fremu. Fremu ya chuma haikatiki. Zungushia ubao, acha nafasi, jaza silikoni. Mlango wenyewe utahitaji kupigwa randa, sakafu imepanda karibu milimita 11. Mpaka wa chumba na chumba ukate kwa kipande cha aluminiamu cha kuunganishia, usipitishe laminati moja nyumba nzima.

Skating (ubao mwembamba unaoziba ukingo kati ya sakafu na ukuta) ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe sakafuni. Laminati inaelea, inatanuka na kusinyaa kwa majira. Ukiibana kwa msumari, au ukaijengea kabati zito la ukutani juu yake, itainuka katikati. Sakafu ikinyanyuka kwenye maungio miezi michache baadaye, toa skating uangalie ukutani. Mara nyingi utakuta ubao unagusa. Kata pale, italala yenyewe. Kingo zikivimba sehemu moja tu, hayo ni maji ya juu: kiyoyozi kinachodondosha, chungu cha maua, au deki.

Na deki ndiyo adui mkubwa. Ndoo ya maji na tambara linalochuruzika ni marufuku hapa. Kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoshe tone, kikifuatiwa na kikavu. Anayesaidia kazi za nyumbani mwonyeshe siku ya kwanza, usimwachie akisie.

Kwa hesabu ya hapo juu unatumia mbao 54 kati ya 56. Mbili zilizobaki zifunge, uzilaze bapa chini ya kitanda. Rangi hiyohiyo mwakani huenda dukani haipo.