Gitaa la mtumba la nyuzi 12: usilipe kabla hujalityuni

Kila niliyemuuliza aliniambia gitaa la mtumba unalipiga tu, likilia vizuri lipa uondoke. Kwa la nyuzi 12 ushauri huo ni mbovu kabisa na mpaka leo unaniudhi.

La kwanza nililikuta nyuzi zimelegezwa, muuzaji akasema eti shingo ipumzike, nikaona huyu anajua kutunza vitu. Nikapiga hivyohivyo, vidole haviumi, nikalipa. Nimefika nyumbani nimezikaza nyuzi na kulityuni vizuri, kesho yake nyuzi zimepanda juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) hata kodi ya F (nyuzi kadhaa zinazobanwa pamoja) haibonyezeki, siku ya tatu daraja (kile kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao) linabanduka kwa nyuma. Fundi akasema shingo ing'olewe ibandikwe upya, na hela aliyotaja ilikaribia ile niliyolinunulia.

Nyuzi 12 zikikazwa zinavuta zaidi ya kilo 100, la nyuzi 6 ni kama 70 hivi. Zikiwa zimelegea ugonjwa wote umelala.

La pili nikaenda na tyuna (kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi), rula ndefu ya chuma, kioo kidogo na kipande cha karatasi. Nikaomba nilityuni lote mpaka sauti ya E ya kawaida, muuzaji akanuna, mara G nyembamba ikakatika, "si nilikuambia kaka!", nikamwambia naulipa huo uzi tuendelee (huo ndio mwembamba kuliko wote, hukatika kirahisi). Tukaliacha nusu saa tunapiga stori, na hapo ndipo nilipofanya kazi yangu. Karatasi nikaipitisha pembeni mwa daraja pande zote, haikuingia popote. Rula nikailaza juu ya freti katikati ya shingo kuelekea daraja, ncha ikapita juu yake kwa kugusa tu, safi sana, maana ikigonga uso wa mbele wa daraja ujue shingo imeshavutwa. Halafu kile kimfupa cheupe juu ya daraja nyuzi zinapopitia: kikiwa kimesagwa mpaka kinakaribia mbao, kuna mtu alishajaribu kushusha nyuzi na hakuna pa kusaga tena. Hiki kilikuwa kimesimama vizuri.

Tumbo kidogo (ubao kuvimba) nyuma ya daraja lisikutishe, haya magitaa mengi yanalo, ogopa tumbo nyuma halafu bonde mbele yake.

Mwisho nikagongagonga ubao wa juu kwa kidole, sehemu moja ikajibu kwa mtetemo wa ovyo, nikaingiza kioo na tochi ya simu tundu la sauti, nikakuta mwamba mmoja wa ndani (fito ya mbao inayoshikilia ubao) umeachia gundi upande mmoja. Nikamwonyesha muuzaji mwenyewe kwenye kioo, akanyamaza, akashusha bei vizuri tu. Fundi aliupaka gundi akaubana usiku mmoja, hela ndogo.

Sasa hivi nalityuni chini mpaka D, nikitaka E naweka kepo (kibanio cha nyuzi) freti ya 2. Daraja halijasogea hata unywele.