8-6! Miaka 40 imeishia Wembley

Wana Hull KR, timu yetu ya raga ya Uingereza, mko hai kweli?

Leo Juni 7, 2025, kwenye fainali ya Challenge Cup, hadi dakika ya 78 tulikuwa nyuma 6-2 na Warrington. Kikombe kilishaanza kunukia upande wa pili.

Kisha Tyrone May akapiga mpira nyuma ya ukuta wao, wakashindwa kuudhibiti, na winga Tom Davies akauwahi na kuugusisha chini: trai! 6-6.

Waliozoea raga ya wachezaji 15 watashangaa: kwao trai ni pointi 5. Huku kwetu wachezaji 13 ni 4 tu, kwa hiyo hatukuwa tumeshinda chochote bado.

Sasa lile teke la Mikey Lewis. Nyongeza ya pointi 2 hupigwa mkabala na pale trai ilipofungwa. Davies alifunga pembeni, basi nafasi kati ya nguzo inaonekana nyembamba kama mlango uliorudishiwa. Ukikosa, ni dakika za ziada na pointi ya dhahabu (anayefunga kwanza ndiye mshindi), ileile iliyotuua na Leigh kwenye fainali ya kombe hili mwaka 2023, 17-16.

Lewis akaupitisha katikati.

Taji kubwa la kwanza tangu 1985, jamani!

Ligi nayo tunaongoza. Zinazoingia mchujo ni timu 6, lakini mbili za juu huruka raundi ya kwanza na kusubiri nusu fainali nyumbani. Tusilegee, miguu itahitaji hiyo wiki ya kupumzika. Mwaka jana Wigan walitufunga fainali ya ligi 9-2.

Mnaonaje, mataji yote matatu (kombe hili, kumaliza kileleni mwa ligi, na fainali ya mchujo) yanawezekana, au nimelewa furaha?