Nani Amewaambia Kwamba Sisi Hatuna?

Jana jioni mpwa wangu aliacha kazi yake ya shule akaniuliza kama ni kweli kwamba kuna wakati shule zilifungwa na watoto wakabaki nyumbani miezi kadhaa. Nilimwambia ni kweli, nikamweleza habari za barakoa na za kunawa mikono kwa sekunde 20, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kunipeleka mlangoni kwa mama mmoja ambaye sijamsahau tangu mwaka 2020.

Shirika letu la vijana halikuwa na uzoefu wowote wa kugawa misaada. Kazi yetu ilikuwa kuwapokea watoto baada ya masomo, kuwasaidia katika kazi walizopewa na walimu, kucheza nao na kuwasikiliza. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi, kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, na shule zikafungwa nchi baada ya nchi hadi wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wakawa nje ya madarasa, ukumbi wetu nao ulifungwa. Tulibaki na daftari la mahudhurio lenye namba za simu za nyumbani. Tukagawana majina, wafanyakazi na vijana wa kujitolea, tukaanza kupiga simu, na kabla ya kuuliza habari za masomo tuliuliza kama watu wamekula. Tulikuwa na sababu ya kuanzia hapo: kwa watoto wengi tuliowajua, mlo wa uhakika ulikuwa ule wa shuleni, na mwaka ule UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani walikadiria kwamba watoto karibu milioni 370 walikuwa wakiukosa mlo huo.

Ndivyo tulivyojikuta tukifunga vifurushi vya chakula, sabuni na barakoa, pamoja na mazoezi yaliyochapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa masomo ya mtandaoni hayana faida katika nyumba yenye simu moja ambayo mwenyewe huondoka nayo alfajiri kwenda kutafuta kibarua.

Kwa mama huyo simu ilipokewa na mwanawe wa miaka 11. Alisema wanakula jioni tu, na kwamba mama husema ameshiba hata kabla ya kuketi. Kesho yake mimi na mwenzangu tulifika, tukaweka kifurushi kizingitini, tukarudi nyuma hatua kadhaa kama tulivyokuwa tumeelekezwa. Mama alifungua mlango nusu. Alitazama jina la mwanawe lililoandikwa kwa wino mzito juu ya boksi, akalisoma kimya, na hakuligusa.

"Nani amewaambia kwamba sisi hatuna?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Nyuma yake nilimwona kijana, peku, ameshika fremu ya mlango kwa vidole vilivyokakamaa, ananitazama na kutikisa kichwa polepole, akinisihi. Nilisema, "Mama, tunawapitia wote walio kwenye daftari letu." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, maana kila mtoto aliyeandikishwa alipelekewa mazoezi, ingawa chakula kilikwenda kwa wale tu waliotuambia kwamba wana shida. Alinitazama kwa muda mrefu, akageuka akamtazama mwanawe, kisha akafungua boksi, akatoa zile karatasi peke yake, akazipanga pembe kwa pembe na kumkabidhi kijana akakae asome. Hapo ndipo alipoinama akaliingiza boksi ndani. Kabla ya kufunga mlango aliniambia, "Mwanangu, siku nyingine nipigie mimi."

Tulimpigia yeye, wiki baada ya wiki. Hakuwahi hata mara moja kusema kwamba anahitaji chakula. Aliulizia mazoezi tu, na sisi tuliyapeleka yakiwa juu ya chakula, naye alivipokea vyote viwili bila neno.

Baada ya hapo tulikubaliana kuanza na mtu mzima katika kila nyumba, na ninaamini heshima ya mzazi ilidai hivyo. Lakini watu wazima wengi walitujibu "Hatujambo, tunashukuru," wakakata simu, na katika baadhi ya nyumba hizo tulikuja kujua baadaye, kwa midomo ya watoto, kwamba hali ilikuwa mbaya. Mwaka huu tunaandika upya utaratibu wetu wa dharura, na kifungu cha nani aulizwe kwanza kimeturudisha mezani mara kadhaa. Wenzangu wamenitaka nitoe maoni yangu kwa kuwa nilikuwapo. Kila ninapoanza kuandika kwamba aulizwe mzazi, namkumbuka mtoto aliyesema ukweli kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuwa karibu na simu. Na nikiandika aulizwe mtoto, namwona mama yake akilisoma lile jina juu ya boksi. Kifungu hicho bado hakijaandikwa.