Jinsi nilivyoifanya mashua yangu ilalike

Mashua yangu ya tanga ina urefu wa mita 7, na ndani ya kijumba chake mtu mzima hawezi kusimama wima. Husafiri nayo mchana na kulala nangani usiku. Kilichonisumbua tangu mwanzo hakikuwa mawimbi wala upepo, bali usingizi. Baharia asiyelala vizuri hufunga fundo ovyo, husahau kuangalia ngama (sehemu ya chini kabisa ya mashua panapokusanyika maji), na hali ya hewa huitazama juujuu. Kwa hiyo kila nilichokitengeneza humo nilikipima kwa swali moja: je, nitalala?

Nilianza na unyevu. Godoro la sponji lilikuwa limekaa moja kwa moja juu ya ubao, na kila nilipoliinua asubuhi, upande wa chini ulikuwa umelowa na ubao wenyewe una madoa meusi ya kuvu, ilhali mashua haivuji hata tone. Maji hayo hutoka kwa mlalaji mwenyewe. Mvuke wa mwili hupenya sponji, hushuka mpaka kwenye ubao uliopozwa na maji ya nje, na hapo hugeuka matone. Ukilifunika godoro kwa plastiki unayafungia ndani tu. Dawa yake ni hewa.

Nilipasua mbao nyepesi kuwa fito za upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 2, nikaondoa makali ya kingo kwa msasa ili zisilikate godoro, nikazipanga kwa nafasi ya sentimita 4 kati ya moja na nyingine. Fito zimeshikwa na mikanda miwili ya nailoni, kila moja kwa skrubu za chuma cha pua, kwa sababu chuma cha kawaida huota kutu upesi kwenye hewa ya chumvi. Chini ya fito, mwanzo na mwisho wa kitanda, nimeweka vipande vya ubao ili hewa ipite pia kwa chini. Kwa vile mikanda inakunjika, kitanda chote nakiviringisha kama mkeka ninapotaka kufikia vitu vilivyohifadhiwa chini yake. Ni kazi ya siku moja kwa msumeno wa mkono, na hakuna kitu kingine mashuani ninachokipenda kuliko hicho.

Jambo la pili la unyevu ni chumvi. Kitambaa kilichorowa maji ya bahari hakikauki kabisa hata ukikianika juani, maana chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa usiku. Matandiko yanayoguswa na maji ya bahari lazima yasuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mito ya kukalia nje niliishona upya kwa sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ya aina ya mikeka ya kulalia kambini. Haina ulaini wa sponji ya kawaida, lakini ukiifuta imekauka.

Joto lilihitaji turubai. Nilichagua la rangi nyeupe, nikalitandaza juu ya mti wa chini wa tanga, na kwenye pindo za mbele na nyuma nikapitisha mabomba membamba ya plastiki ili lisilegee na kupigapiga. Mashua iliyotia nanga kwa omo, yaani upande wake wa mbele, hugeukia upepo, kwa hiyo jua la jioni laweza kuja kutoka upande wowote. Pazia la ubavuni lazima liweze kuhamishwa kushoto au kulia. Kamba zake zote nazifunga kwa fundo la kuvutwa mara moja, maana upepo ukizidi ghafla turubai hugeuka tanga. Katikati niliacha bonde dogo lenye tundu na mpira wa kupeleka maji ya mvua kwenye dumu. Manyunyu ya kwanza nayaacha yaoshe chumvi na vumbi, kisha ndipo nakinga.

Juu ya tundu la omo nimening'iniza kitambaa kilichoshonwa mfano wa bomba lililokatwa nusu, mdomo ukiangalia mbele. Upepo mdogo tu ukivuma, kijumba chote hupumua. Chandarua kimeshonewa humohumo.

Kelele na taa zilikuwa rahisi. Kamba za tanga zinazogonga mlingoti usiku kucha nazivuta kando kwa vipande vya kamba ya mpira, na vikombe nimevitenganisha kwa vitambaa. Balbu ya zamani ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 ilikuwa ikila karibu ampea 0.8, taa ya LED ya wati 1 inakula sehemu ya kumi ya hapo, na moja nimeifanya nyekundu. Ukiamka usiku kukagua nanga, mwanga mweupe hukupofusha, na macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena. Mwangaza mwekundu hafifu hauyasumbui hivyo.

Kilichobaki ni kuyumba, na hapo nilitumia ubao wa pembetatu, kila upande sentimita 70. Kila pembe ina kamba, zote tatu zinakutana kwenye pete moja, na pembe moja nimeifunga kipande cha risasi, ile metali nzito. Mti wa chini wa tanga nausukuma nje ubavuni, naukaza kwa kamba mbele na nyuma, kisha ubao unaning'inia kutoka ncha yake mita 2 au 3 chini ya maji. Mashua ikiinamia upande huo, kamba hulegea na pembe yenye risasi huzama kwanza, ubao ukikata maji bila kizuizi. Mashua ikitaka kurudi, kamba hukazika, ubao hulala bapa na kugoma kupanda. Mayumbo yanapungua hata kikombe kinatulia mezani. Nimeongeza kamba nyembamba ya pekee kwenye pembe yenye risasi: wakati wa kung'oa nanga naivuta hiyo, na ubao hupanda kwa ukingo bila kupigana na maji.