Nilivyompeleka mama kwenye mashindano ya makasia ya Henley

Mama yangu alipokuja kunitembelea Reading, Uingereza, kwa miezi mitatu ya kiangazi, swali lake la kwanza baada ya kupumzika safari lilikuwa iwapo kuna mto karibu. Amezaliwa na kukulia Pangani, mahali ambapo mto unaingia baharini na watu huvuka kwenda Bweni kwa pantoni, na marehemu babu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Nilimweleza kwamba si mbali na kwangu, kwa treni, kuna mji wa kale wa soko uitwao Henley-on-Thames, uliostawi kwa kusafirisha nafaka na mbao kwenda London kwa njia ya mto, na kwamba tangu mwaka 1839 hufanyika pale mashindano ya kupiga makasia kila kiangazi. Tangu hapo habari ikawa hiyo asubuhi na jioni. Kilichonitia wasiwasi ni magoti yake, kwa kuwa hawezi kutembea dakika kumi bila kukaa.

Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa mwaka uliotangulia. Nilikwenda Jumamosi, nikasimama ndani ya treni iliyofurika kutoka Twyford, nikafika mchana, na kwa saa tatu sikuona zaidi ya migongo na kofia za watu. Safari hii nilianza kwa kuchagua siku. Mashindano huchukua siku sita, kuanzia Jumanne hadi Jumapili, nayo ni ya mtoano: mashua mbili hushindana ubavu kwa ubavu, moja inasonga mbele na nyingine inarudi nyumbani. Kwa sababu hiyo siku za mwanzo ndizo zenye mapambano mengi, takriban moja kila baada ya dakika tano, ilhali Jumapili zimebaki fainali peke yake. Marafiki zangu hushikilia kwamba fainali ndiyo tamu. Mimi naona kwamba mtu anayependa kutazama kazi ya makasia yenyewe, zaidi ya kujua nani kabeba kikombe, atafaidi zaidi Jumatano.

Wiki moja kabla, nilikwenda peke yangu kuipima njia. Nilikuwa nimeazima kiti cha magurudumu kwa jirani, nikapakia juu yake magunia mawili ya mchele ya kilo 20 kila moja, nikayafunga kwa kamba na kukisukuma kutoka stesheni hadi ng'ambo ya mto. Watu walinitazama, lakini nilipata nilichokitaka. Nilijua ni wapi ukingo wa barabara umeinuka, wapi njia ya kando ya mto inakuwa ya majani na magurudumu yanazama kidogo, na wapi pana mti wenye kivuli. Niligundua pia kwamba ukingo ule unatazama magharibi, kwa hiyo mchana jua linakupiga usoni. Bila ya mwavuli mkubwa, mama asingestahimili hata saa moja.

Siku yenyewe tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, mimi, mama na mwanangu wa miaka tisa. Kutoka Twyford njia ya reli ni moja tu, na treni husimama Wargrave na Shiplake kabla ya kufika mwisho wa safari. Tulipofika kwenye daraja la mawe lenye matao matano, lililojengwa mwaka 1786, mama aliniomba nisimame. Nilimweleza kwamba juu ya tao la katikati zimechongwa sura mbili zinazowakilisha mto, moja kila upande, kazi ya mchongaji mwanamke, Anne Seymour Damer. Sura hizo huonekana vizuri ukiwa majini, lakini kujua kwamba zipo chini ya miguu yake kulimridhisha. Ng'ambo ya daraja ipo klabu ya Leander, iliyoanzishwa mwaka 1818, ambayo alama yake ni kiboko wa rangi ya waridi. Mama alimshangaa sana kiboko huyo, akamwambia mjukuu wake kwamba kule kwetu hakuna anayemchora kiboko kwa mapenzi.

Wengi wetu huku ughaibuni hudhani kwamba mashindano haya ni ya wenye mialiko. Ni kweli kwamba lipo eneo la wanachama na wageni wao, ambamo wanaume hutakiwa kuvaa koti na tai, na hadi mwaka 2021 wanawake hawakuruhusiwa kuvaa suruali. Lakini ukishayapita maeneo ya tiketi na kuendelea upande wa mto unakoelekea, ukingo ni wa kila mtu, bure, na hakuna anayekuuliza umevaa nini. Mama alikuwa na gauni refu na kanga mbili, na chini ya mti wetu alikaa mita chache tu kutoka majini.

Hapo ndipo tulipoona kila kitu. Mashua huanzia karibu na kisiwa kidogo cha Temple na kupanda mto kuelekea mjini, umbali wa mita 2,112, zikipita katika njia nyembamba iliyonyooka, iliyozungushiwa magogo yanayoelea pande zote mbili. Kwanza unaona vidoa viwili kwa mbali upande wa kulia, kisha unasikia sauti ya nahodha, ambaye ndiye peke yake anayetazama mbele. Halafu wanapita: makasia manane yanaingia majini kwa sauti moja, viti vinateleza kwenye reli zake, migongo imelowa jasho, na nyuma yao maji yanabaki na vizingia vidogo vyeupe, viwili viwili, vinavyozunguka na kufifia taratibu.

Mama hakusema neno kwa mapambano matatu ya kwanza. Alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole juu ya goti.

“Hawa wanavuta kwa miguu,” alisema hatimaye. “Mikono inashika tu.”

Ni kweli, na mimi nilihitaji miaka kuligundua hilo. Mwanangu alipoita kile wanachoshika “kafi”, mama alimsahihisha palepale kwamba kafi hushikwa mkononi bila kufungwa popote na mpigaji hutazama aendako, ila kasia hufungwa kwenye ubavu wa chombo na mpigaji huipa mgongo safari yake. Timu ya wasichana wa shule ilipopita ikiwa nyuma kwa urefu wa nusu mashua, aliinuka kwenye kiti, magoti yale yale, akawapigia vigelegele mpaka majirani zetu wakageuka na kuanza kuwashangilia nao.

Adhuhuri haikutusumbua kama nilivyohofia. Mashindano husimama kwa chakula cha mchana, nasi tulipata utulivu wa kutosha: mama aliswali ameketi kwenye kiti chake, kisha tukala chapati na kuku wa kukaanga niliowafunga tangu usiku. Vyoo vya muda nilikuwa nimeviona mapema, na hilo peke yake lilistahili safari ya magunia.

Tuliondoka saa kumi, kabla umati haujaelekea stesheni. Njiani kurudi mama alikuwa kimya, nikadhani amechoka. Usiku nilimsikia akizungumza kwa simu na dada yake aliyeko Pangani, akimweleza habari za viti vinavyoteleza, na kumuuliza kama ile ngalawa ya baba yao bado iko ufukweni au imeshaoza.