Dar es Salaam hadi Iringa kwa siku moja: hesabu nilizianzia Kitonga

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, niliangukiwa na jukumu la kumfikisha mama yangu Iringa kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake. Mama ana miaka 71 na magoti yake hayamsaidii tena. Tulikuwa watu watano: yeye, watoto wangu wawili, mdogo wangu wa kiume ambaye tungepokezana usukani, na mimi. Basi tuliliondoa katika mawazo mapema, kwa sababu mabasi ya masafa marefu husimama mara chache, na mara nyingine husimama porini ili abiria wachimbe dawa, jambo ambalo kwa mtu asiyeweza kuchuchumaa ni adhabu. Tuliifikiria pia treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, lakini hiyo ingetushusha Morogoro na mizigo yetu yote, tukaanza kutafuta basi la kutufikisha mbele. Likabaki gari langu, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa limezoea foleni za Sinza na Mwenge kuliko safari ya mikoani.

Umbali kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 500. Mtu anayefanya hesabu akiwa kwenye kochi hugawanya 500 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, akapata saa tano, akaongeza moja ya kula, akaridhika. Kila familia ina mjomba anayesema yeye hutumia saa sita, na wa kwetu aliliandika hilo kwenye kundi la familia siku ileile nilipotangaza safari. Sikubishana naye. Hata hivyo nilijua kwamba barabara hiyo ni ile ile T1 ambayo wazee bado wanaiita TANZAM, njia ya malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo, na kwamba sehemu yake kubwa ina njia moja tu kwa kila upande, hivyo lori la mafuta likipanda kilima kwa mwendo wa kutembea, na wewe utatembea nalo. Zaidi ya hapo, katika kila kijiji mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na vijiji vya njia hiyo ni vingi. Nikaamua kuhesabu wastani wa kilomita 60 kwa saa, yaani saa nane na dakika ishirini za kuwa mwendoni, kisha nikaongeza saa mbili za mapumziko, kwa sababu mama hawezi kukaa zaidi ya saa mbili bila kunyoosha miguu.

Kosa nililotaka kuliepuka ni la kupanga safari kuanzia mlangoni kwangu kwenda mbele, kwa maana ukipanga hivyo, kila dakika unayochelewa inasukumwa kuelekea mwisho, na mwisho wa safari hii ndipo ulipo mlima Kitonga. Pale barabara inapanda kwa kona kali, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na lori moja likikata ekseli kwenye kona hakuna pa kulipitia hadi livutwe. Sikutaka kukutwa pale na giza nikiwa na watoto na mgonjwa wa magoti. Kwa hiyo hesabu zangu nilizianzia Kitonga na kurudi nyuma. Nilijiwekea kwamba lazima tuwe chini ya mlima kabla ya saa 9:00 alasiri, ili hata tukizuiwa saa moja na nusu tuingie Iringa jua likiwa bado halijazama. Ili kufika pale kwa wakati huo na saa nzima ya akiba mkononi, ilitupasa kuuacha mji mdogo wa Mikumi kabla ya saa 6:00 mchana, kuondoka Morogoro kabla ya saa 4:00 asubuhi, na kuwa tumeipita Kibaha kabla ya saa 12:00 asubuhi, wakati magari ya Kimara na Mbezi hayajaanza kusongamana. Hivyo ndivyo nilivyoipata saa ya kutoka nyumbani: 11:00 alfajiri. Niliandika nyakati hizo zote kwenye karatasi na kuibandika juu ya dashibodi, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea hapa na pale njiani, na simu ya ramani isiyo na mtandao ni kioo tu.

Gari nililipeleka kwa fundi siku nane kabla ya safari, si siku moja kabla. Sababu ni kwamba fundi akifungua breki leo na wewe ukasafiri kesho, kosa lake utaligundua ukiwa njiani. Ukipata wiki nzima ya kuendesha mjini, litajitokeza karibu na karakana yake. Alibadilisha pedi za mbele, akaongeza mafuta ya breki, akakagua mipira ya rejeta na kuweka kulanti mpya, akisisitiza kwamba maji ya bomba peke yake yangenifikisha Morogoro lakini pengine si juu ya Kitonga. Tairi la akiba ndilo lililonitia aibu, kwa sababu miaka miwili lilikuwa chini ya zulia la buti bila hata kuguswa, na lilikuwa limepungua upepo kiasi cha kubonyea kwa kidole. Jeki ilikuwepo, lakini spana ya kufungulia magurudumu ilikuwa ya gari jingine kabisa na haikuingia kwenye nati hata moja. Ninawaza mara kwa mara jinsi ambavyo ningeligundua hilo katikati ya hifadhi. Mtungi wa kuzimia moto nao mshale wake ulikuwa umeshuka kwenye nyekundu, nikaubadilisha, nikahakikisha pembetatu mbili za kuakisi mwanga zipo, na bima na leseni zetu sisi madereva wawili bado ni hai.

Kuhusu mafuta, gari langu hutumia lita moja kwa kilomita 11 hivi, kwa hiyo kilomita 500 zingehitaji lita 45 au 46, na tangi lake hubeba 60. Hesabu ilitosha, lakini nilijaza Dar es Salaam na nikapanga kujaza tena Morogoro, kwa kuwa hesabu hiyo haikuweka foleni ya kupanda mlima injini ikiwa inaunguruma. Chakula alikishughulikia mama mwenyewe: vitumbua, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Yeye pia ndiye aliyenikumbusha masweta, kwa sababu Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Juni kule si ya kusimuliwa kwa mtoto aliyezaliwa Sinza.

Tulitoka saa 11:10. Kibaha tuliipita giza likianza kufifia, na kutoka hapo hadi Chalinze hakuna la kusimulia zaidi ya migongo ya malori. Mdogo wangu aliendesha sehemu hiyo. Kanuni tuliyokubaliana ilikuwa kwamba dereva asiyeendesha hasinzii, anatazama mbele na kusema alama za mwendo kwa sauti, jambo ambalo mdogo wangu aliliona la kitoto mpaka lilipomgharimu. Morogoro tulifika saa 3:05, milima ya Uluguru ikiwa na ukungu kileleni, tukajaza mafuta, tukala vitumbua, mama akatembea taratibu kuzunguka kituo cha mafuta mara tatu, na saa 3:50 tukaondoka.

Gharama yenyewe ilikuja katika kijiji kimoja mbele ya Morogoro. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma kumpa mtoto maji, hivyo alama ya 50 haikutajwa, na mdogo wangu akaingia kijijini akiwa na 67. Askari aliyekuwa chini ya mwembe alitupiga tochi ya kupima mwendo. Alimwonyesha mdogo wangu namba kwenye kifaa chake, akaandika faini ya shilingi 30,000 na kutupa kumbukumbu namba ya kulipia. Yote yalichukua dakika kumi na mbili, na sina la kulalamika, kwani namba ilikuwa ya kweli. Mama, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisema tu, "Baba, hapa tunapita mbele za watu, si uwanjani," na kutoka hapo hakuna alama iliyopita bila kutajwa, hata na watoto.

Hifadhi ya Mikumi ndiyo sehemu niliyoiogopa kwa sababu ya muda na ndiyo niliyoifurahia zaidi. Barabara kuu inaikata katikati kwa takriban kilomita 50, na kabla ya kuingia kuna ubao unaoorodhesha faini kwa kila mnyama atakayegongwa, ambao watoto waliusoma kwa mshangao kama orodha ya bei dukani. Nilikuwa nimewapangia kazi ya kuhesabu wanyama, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia, na kazi hiyo ilinifaa kuliko nilivyotegemea: walipunguza ugomvi na wakaongeza macho manne ya kuangalia mnyama anayetaka kuvuka. Tuliona pundamilia, swala wengi wasiohesabika, twiga wanne waliosimama mbali, na nyani waliokaa kando ya lami wakisubiri wasafiri wakorofi wawatupie ndizi. Hatukusimama na hatukufungua madirisha. Tulipofika mji mdogo wa Mikumi ilikuwa saa 5:50, dakika kumi tu kabla ya mpaka wangu, na nikapunguza mapumziko ya pale kutoka nusu saa hadi robo saa.

Baada ya hapo nchi inakauka na mibuyu inajaa pande zote mbili. Ruaha Mbuyuni harufu ya vitunguu inakukuta kabla hujaviona, vimepangwa kando ya barabara kwenye nyavu nyekundu, na mama alitaka gunia zima. Buti lilikuwa limejaa. Nilimwomba asubiri tutakaporudi, akakubali kwa sura ya mtu anayeweka deni.

Chini ya Kitonga tulifika saa 8:15, na magari yalikuwa yamesimama. Lori lenye makontena lilikuwa limeharibika kwenye kona juu, wakawa wanasubiri gari la kulivuta. Hapo ndipo ile karatasi ya dashibodi ilinilipa. Wengine walikuwa wakipiga simu, wakipiga honi na kujaribu kuchomeka magari yao mbele ya foleni, jambo ambalo lilizidi kuziba njia ya wanaoshuka. Sisi tulizima injini, tukafungua milango upande wa ukingo, tukamwaga chai iliyobaki kwenye vikombe. Nilikuwa na dakika 45 kabla ya mpaka wangu na saa moja na nusu nyingine niliyokuwa nimeitenga kwa balaa kama hilo. Tulikaa saa moja na dakika ishirini. Foleni ilipoanza kutambaa nilichukua usukani mwenyewe, nikazima kiyoyozi, nikaweka gia ndogo ili injini isihangaike, na nikaacha nafasi ya magari mawili mbele yangu kwa sababu lori likisimama kwenye mwinuko huweza kurudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka. Mshale wa joto ulipanda kidogo kupita katikati, ukakaa hapo, na tulipotokea juu ukashuka. Sikumpita mtu hata mmoja, na aliyetaka kunipita nilimwacha apige honi.

Ilula tulisimama dakika tano kwa ajili ya nyanya ambazo hatukuzihitaji, kwa sababu mama alitaka kusalimia. Aliteremsha kioo akasema "Kamwene," muuzaji akaitikia kwa furaha, na mazungumzo yao ya Kihehe yaliendelea hata baada ya chenji kurudi. Tulipinda Ipogolo na kupanda kuingia Iringa mjini saa 11:35 jioni, watoto wakiwa tayari ndani ya masweta, jua likiwa limebakiza chini ya saa moja. Jumla ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Mjomba aliuliza kwenye kundi tulitumia saa ngapi. Nilimtumia picha ya foleni ya Kitonga.

Kwa safari ya kurudi, siku ya Jumatatu, nilitumia njia ileile ya kuhesabu lakini nikabadilisha mahali pa kuanzia. Kitonga tungeshuka asubuhi, kwa gia ya pili na kugusa breki kwa vipindi ili zisipate moto, kwa hiyo haikuwa tena tishio la giza. Tishio lilikuwa kuingia Dar es Salaam wakati kila mtu anatoka kazini. Nikaandika Kibaha, saa 10:00 jioni, nikarudi nyuma hadi nikapata saa 12:00 asubuhi ya kutoka Iringa. Kisha, kati ya Kitonga na Mikumi, nikaongeza dakika ishirini na nafasi ya gunia moja kwenye buti, kwa ajili ya vitunguu vya mama.